Msichome vitabu vya wodi ya wazazi: barua ya wazi kutoka Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na wakuu wa hospitali na vituo vyote vya afya, Unguja na Pemba.

Assalamu alaykum warahmatullah.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha Pemba kwa zaidi ya miaka 30. Sina cheo, wala siandiki kwa niaba ya chama chochote. Naandika kwa sababu ya nilichokiona nyuma ya hospitali moja ya kisiwa hiki. Jina lake silitaji, maana sitaki mtu mmoja abebeshwe lawama ya jambo ambalo limekuwa desturi yetu sote.

Walikuwa wanasafisha stoo. Pembeni ya shimo la kuchomea taka pamerundikwa vitabu, vile vikubwa vya jalada gumu tunavyoviita rejista za wodi ya wazazi. Vyengine vimeliwa na mchwa, vyengine vimelowa mpaka kurasa zimegandana. Kijana wa usafi ana kiberiti mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, nisubiri kidogo." Nikainama, nikachukua kimoja cha juu, nikafungua. Mwandiko ulikuwa wangu, wa mwaka 1991.

Kila mstari ni mtu mmoja. Jina la mama, shehia, mimba ya ngapi, saa ya kuzaliwa, jinsia, uzito, hali ya mama, hali ya mtoto. Nikapitisha kidole kwenye safu ya uzito: 3,100, 2,800, 2,400, 1,900. Hapo kidole kikasimama. Gramu 1,900, mwanamme, mama wa mimba ya kwanza. Namkumbuka. Ilikuwa zamu ya usiku, umeme umekatika, tukamsomea mizani kwa mwanga wa kandili. Tulimviringishia pamba kama ilivyokuwa ikifanywa zama zile, na bibi yake akakaa kitako usiku kucha akimnywesha maziwa ya mama kwa kijiko, tone baada ya tone. Hatukutaraji aione asubuhi. Aliiona.

Leo ni dereva wa gari ya abiria. Nimeshakutana naye kwenye benchi la kliniki ya presha, nilipokwenda kwa presha yangu mwenyewe. "Shikamoo mama," akaniambia, "na mimi nimo humu siku hizi." Ana miaka 30 na kitu tu. Kadi yake imeandikwa 170 kwa 110. Muuguzi alimuuliza kama anapenda chumvi, kama anavuta sigara, kama wazazi wake wana presha. Ni maswali ya lazima na aliyauliza kwa upole. Hakumuuliza alizaliwa na kilo ngapi. Hata angemuuliza, yule kijana asingekuwa na jibu, kwa kuwa mama yake alishatangulia mbele ya haki. Jibu lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, katika kitabu ambacho siku chache baadaye nilikikuta kwenye ukingo wa shimo.

Siwezi kuapa kwamba uzito ule ndio uliomletea presha. Dereva hulala kidogo, hula njiani, hukaa kitako siku nzima. Lakini angejulikana tangu mwanzo kuwa alizaliwa mdogo, angepimwa presha akiwa skuli na asingengoja mpaka kichwa kimgonge barabarani na abiria nyuma yake.

Waheshimiwa, elimu ya kuunganisha uzito wa kitoto na moyo wa mtu mzima ilichimbuliwa kutoka vitabu vya aina hii hii. Mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire nchini Uingereza, mama mmoja aliyeitwa Ethel Margaret Burnside, aliyekuwa akiwasimamia wakunga na wauguzi wa kupita majumbani, aliweka utaratibu wa kuandika uzito wa kila mtoto anapozaliwa, na kumpima tena akitimiza mwaka. Wakaandika kwa wino, miaka na miaka. Madaftari yakahifadhiwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, daktari David Barker na wenzake wa Southampton wakayafuatilia. Waliwatafuta wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, wakaangalia nani amekufa na kwa maradhi gani. Mwaka 1989 wakatangaza walichokipata: waliokuwa wadogo kabisa walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Waliokuwa na ratili 18 au pungufu walipotimiza mwaka, yaani kama kilo 8, vifo vyao vya moyo vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vya waliofika ratili 27.

Kila nikiisoma habari hiyo huwafikiria wale wakunga kuliko daktari. Walikuwa wanawake wa baiskeli na mizani ya mkononi, wanaingia nyumba za wakulima, wanaandika namba, wanaondoka. Hakuna aliyewaambia namba zile zitakuja kutumika kwa nini. Sisi nasi tuliandika hivyo hivyo, kwa kandili, na mikono bado ina harufu ya dettol.

Kwa nini udogo wa utotoni uje kumdai mtu ukubwani? Watu wa umri wangu tunalijua neno mgao, na sijapata neno linaloeleza vizuri zaidi. Kitoto tumboni kinapopungukiwa, kwa sababu mama hana damu, au ana malaria, au presha ya mimba, au kondo la nyuma halipitishi chakula kama inavyotakiwa, mwili wake huanza kugawa kwa mgao. Ubongo hupewa mwanzo. Figo, kongosho, ini na misuli husimama foleni. Katika hivyo, figo ndizo zinazonikosesha usingizi. Vichujio vya figo, vidogo visivyoonekana kwa macho, hutengenezwa mtoto akiwa tumboni, na kazi hiyo hukamilika karibu na wiki ya 36 ya mimba. Vikishakamilika, havitengenezwi vyengine maisha yote. Anayezaliwa mdogo mara nyingi huzaliwa navyo vichache, na hivyo vichache ndivyo vitakavyochuja damu yake na chumvi yake mpaka siku ya kufa. Vinalemewa, presha inapanda, na presha ikishapanda inaviua vilivyobaki. Kongosho nalo hubaki na chembe chache za kutoa insulini. Misuli, ambayo ndiyo inayokula sukari kwa wingi mwilini, hubaki haba hata mtu anaponenepa. Ndivyo mtu anavyokuja kuambiwa ana sukari akiwa mwembamba kama ufito, na jamaa zake wanashangaa.

Jambo hili limeonekana kila palipopita njaa. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, chakula kilizuiwa kuingia miji ya magharibi wakati wa vita, na watoto waliokuwa matumboni wakati ule wamefuatiliwa mpaka uzeeni. Sukari zao zilikuwa juu kuliko za wenzao. Karibu zaidi na sisi ni Biafra, Nigeria, katika vita vya 1967 hadi 1970. Waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ile, walipopimwa Enugu wakiwa na miaka kama 40, walikutwa na presha na sukari kuliko waliozaliwa baada ya vita.

Nasi Pemba tulikuwa na siku zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele na unga ulikuwa wa mgao na foleni, na wazee mpaka leo wanasema tu "siku za njaa", bila kutaja mwaka, na kila mtu anaelewa. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli. Nakumbuka mama akipika papai bichi kwa chumvi, akitugawia, halafu yeye anakwangua sufuria, na tumbo lake kubwa mbele yake. Mdogo wangu alizaliwa nyumbani katika siku hizo. Hakupimwa na mtu. Bibi alimshika kwenye viganja viwili na kusema, "Mwepesi huyu." Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya uzito wake. Leo ana miaka 50 na kitu, anajichoma insulini asubuhi na jioni, na macho yameanza kumpoteza. Wenzake wa umri huo wamejaa kliniki za presha na sukari za kisiwa hiki. Walioandikwa katika rejista za hospitali za miaka ile ndio mashahidi wetu, na rejista zenyewe ndizo zinazochomwa.

Sasa niseme kuhusu matibabu, maana hapa ndipo penye kazi ya kufanya.

Kuokoa tunajua, na tumejua zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Ile pamba niliyomviringishia yule dereva tumeiacha. Siku hizi kitoto njiti huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, walipokuwa na watoto wengi na mashine chache za kuwatia joto. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya majaribio yaliyofanywa nchi 5, Tanzania ikiwemo: watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu wanapozaliwa, bila ya kungoja watulie kwanza, vifo vinapungua kwa robo. Hakuna dawa ya duka inayoweza hivyo. Na kwa mtoto aliyekonda vibaya tuna utepe wa mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 anaanzishiwa chakula dawa, ile pakiti ya karanga, maziwa, mafuta na vitamini, na baada ya wiki kadhaa unamwona anacheka. Nimeliona hilo mara nyingi na kila mara nimemshukuru Mungu.

Tunapomruhusu ndipo tunapompoteza. Tunaandika "amepona", tunafunga faili, anakwenda zake.

Wenzetu wa Malawi hawakufunga. Waliwatafuta watoto waliotibiwa utapiamlo mkali katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, miaka 7 baada ya kutibiwa, wakawakuta wafupi kuliko wenzao, hasa wa miguu, misuli haba, na mkono usio na nguvu ya kukamata. Jamaika walikwenda mbali zaidi, wakawapima watu wazima waliookoka utapiamlo mkali utotoni: moyo unasukuma damu kidogo kuliko wa wenzao, na mishipa inabana zaidi. Watu hao hawaumwi na kitu. Wanatembea, wanaoa, wanalima. Mzigo wameubeba ndani.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mkaza mwanangu kliniki ya watoto. Mbele yetu alikuwapo mama na mwanawe wa kiume wa miaka 3 kamili, ambaye mwaka nyuma alikuwa kwenye chakula dawa. Muuguzi akamvisha suruali ya mizani, akamning'iniza. Kilo 13.5. Akatia nukta kwenye kadi, mstari unapanda, uko kwenye rangi ya kijani. "Mashaallah, mwanao amenenepa." Mama akafurahi, akampa mtoto juisi ya boksi aliyokuwa akiililia. Bamba la kupimia urefu lilikuwepo, limeegemezwa nyuma ya mlango, limetundikwa mwavuli na mkoba. Nikaomba ruhusa, nikaondoa mwavuli. Tukamsimamisha, visigino vimegusa ubao, mama amemshika magoti, nikashusha kibao mpaka kwenye nywele. Sentimita 84.

Mtoto wa kiume wa umri huo, kwa vipimo vya WHO vya 2006, kwa wastani hufika sentimita 96. Aliye chini ya 88.7 ameshadumaa. Kwa hiyo yule aliyepongezwa amedumaa vibaya, na kilo zake 13.5, ambazo kwa umri wake hazina tatizo, kwa kimo chake ni nyingi. Mizani ilisema kweli. Ila mizani haijui kama kilichoongezeka ni mfupa na misuli au ni mafuta tu. Utafiti wa lishe wa taifa wa 2018 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano hapa Zanzibar amedumaa, na wengi wao ukiwatazama kwa mizani peke yake huwaoni.

Haya si mambo ya urembo wa kimo. Huko Helsinki, Ufini, walifuatiliwa watu 8,760 waliozaliwa kati ya 1934 na 1944. Waliokuja kupata maradhi ya moyo ni wale waliozaliwa wadogo, wakawa wembamba walipofika miaka 2, kisha wakaanza kunenepa haraka kuliko kimo chao kinavyokwenda. Mwaka 2013 watafiti waliunganisha kumbukumbu za watoto wa Brazili, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini, wakaona njia hiyo hiyo. Mtoto akikua vizuri miaka 2 ya mwanzo, uzito na urefu pamoja, anasoma zaidi skuli na anakuwa mtu mzima mrefu zaidi. Kunenepa kwa ghafla baada ya hapo, bila ya kimo, kunamwongezea mafuta na presha. Kwa hiyo mtoto mdogo ashughulikiwe mapema, kwa maziwa ya mama, kwa dagaa, mayai, kunde na mboga. Sisi tunamchelewesha, halafu akifika miaka 3 au 4 ndipo tunashindana kumjaza uji wa sukari, biskuti na soda ili majirani waseme amepona. Nami nilikuwa nikiwashauri hivyo kina mama, miaka mingi. Niliwaambia, "Mpe chochote anachokitaka, alimradi anenepe." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo wengi bado wanavyosema.

Mtu akiniambia kwamba kufuatilia ni anasa ya nchi tajiri, nitamkumbusha kilichotokea hapa hapa Pemba. Mwaka 2002 na 2003 zaidi ya watoto 24,000 wa kisiwa hiki waliingizwa katika majaribio ya vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Nia ilikuwa njema, watoto wetu wana upungufu wa damu, na dunia nzima iliamini kumpa mtoto vidonge hivyo kila siku ni kheri tupu. Kwa sababu kila mtoto alifuatiliwa na kila kulazwa kuliandikwa, ilionekana kwamba waliopewa vidonge walilazwa na kufa zaidi, kwa asilimia 12, kwa sababu ya malaria iliyokuwa imeshamiri wakati ule. Vidonge vikasimamishwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006 na ushauri wa dunia ukabadilika. Watoto wa nchi nyingi wameepushwa na madhara kwa sababu ya madaftari yaliyoandikwa Pemba. Basi watu wa kisiwa hiki wataambiwaje kwamba madaftari yao ni taka?

Ulaya na Marekani wapo watoto waliozaliwa wadogo wakashindwa kufidia kimo, wakapewa sindano ya homoni ya ukuaji kila siku kwa miaka. Marekani iliruhusu mwaka 2001, Ulaya mwaka 2003. Ni dawa ya fedha nyingi na siiombi. Ninachokitamani kwao ni kwamba baada ya kumpa mtoto dawa ya kumkuza hawakumwacha. Waliendelea kuwatafuta wakiwa watu wazima ili kujua sukari zao na mioyo yao vimekuwaje.

Ninachokuomba kwanza, Mheshimiwa Waziri wa Afya, hakihitaji bajeti wala mfadhili. Ni waraka wa ukurasa mmoja: kuanzia leo hakuna rejista ya wodi ya wazazi itakayochomwa, kutupwa wala kuuzwa kwa wauza karanga. Zikusanywe. Tunayo Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu pale Kilimani, ina watu wanaojua namna ya kumtoa mchwa kwenye karatasi na kuzuia unyevu. Tuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wanaoweza kupiga picha kurasa hizo moja baada ya moja. Na kwa kuwa ndani yake mna siri za watu, wapo waliozaa nje ya ndoa, wapo waliopoteza watoto, wekeni masharti ya nani anaruhusiwa kusoma, na majina yafichwe kwa atakayetafiti.

Kisha uzito wa kuzaliwa uingizwe katika kumbukumbu za Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, pamoja na jina na tarehe, umfuate mtu maisha yake yote kama namba ya kitambulisho inavyomfuata. Kwenye kadi ya kliniki ya presha na sukari uongezwe mstari mmoja tu: alizaliwa na kilo ngapi. Wengi watajibu hawajui. Tuanze na wanaojua.

Kila kituo kinachopima uzito kipime na urefu. Bamba si mashine ya kuagizwa ng'ambo. Fundi seremala wa Chake Chake akipewa vipimo sahihi atalichonga. Wanaohitajika ni wauguzi wawili kwenye chumba badala ya mmoja, maana mtoto hapimwi urefu na mtu mmoja huku foleni ya kina mama 60 inamsubiri. Nawatetea wauguzi kwa hili. Yule aliyetundika mwavuli wake hakufanya kwa uzembe. Alikuwa peke yake.

Wajitolea wa afya wanaopita majumbani na simu chini ya mpango wa Jamii ni Afya wanazijua nyumba zetu kuliko yeyote. Waongezewe jambo moja: mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, na aliyewahi kutibiwa utapiamlo mkali, asitoke kwenye orodha yao anapopona. Abaki mpaka aanze skuli, na skulini apimwe presha mara moja kwa mwaka. Dakika 5 kwa mtoto.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, chakula dawa kiwe na kifungu chake katika bajeti yetu. Msaada una siku unafika na siku haufiki, na mtoto ambaye utepe wa mkono unasoma sentimita 11 hawezi kungoja meli. Najua fedha ni za kugombania. Lakini Serikali hii ilipoanzisha pencheni jamii mwaka 2016, kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, wapo waliosema haiwezekani, na wazee wanaipokea mpaka leo. Yule dereva nataka naye aifikie. Kwa presha ya 170 kwa 110 katika umri alionao, sina uhakika.

Na kina mama wenyewe, kabla ya mtoto. Nendeni Tumbe au Makangale wakati wa bamvua, maji yakitoka. Mtamwona mwanamke mwenye mimba ya miezi 7 ameinama kwenye mwani tangu alfajiri, maji ya chumvi yanafika magotini, amekunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, na jioni atachota maji na kupika. Mkitaka kujua kwa nini mizani ya wodi ya wazazi inasoma 2,300, sababu iko pale. Mwanamke huyo anahitaji vidonge vya damu visivyokatika kituoni, kinga ya malaria, presha yake ipimwe kila anapohudhuria, na mume aliyeitwa kituoni na kuelezwa kwamba miezi 3 ya mwisho si ya kubeba magunia. Sisi wakunga tulikuwa tukiwaeleza wake peke yao, nao hawana amri ya kujipumzisha.

Rejista ya 1991 iko kwangu. Yule kijana alinipa zile zilizokuwa bado zinafunguka, 4 kwa jumla, nyengine zikaungua nikiwa nimesimama pale. Najua si haki yangu kukaa nazo, na ningependa zisiwe nyumbani kwangu hata siku moja zaidi. Nimezianua juani, nimezifunga kwa kanga, nimezipandisha juu ya kabati zisifikiwe na wajukuu. Mkuu wa hospitali yoyote atakayenionyesha rafu kavu yenye mlango wa kufungwa, nitamletea mwenyewe, na nitakaa naye nimsomee mwandiko pale wino ulipofifia.

Wabillahi tawfiq.

Mkunga mstaafu, Pemba